Karai Nililoliepua Mapema

Wapo walionitumia salamu wiki iliyopita wakisema, "Des, wewe si mwoga tu, ni mjinga pia." Nimezipata. Someni kwanza ya leo, kisha mniongezee.

Kwa aliyenikuta njiani, nimfupishie. Mvua ilinyesha mlimani, tope la mlima likashuka na mto, likala mashamba, likala daraja, likawafungia watu wa Lubuk Sirih kule juu. Kaka yangu Syafril yuko huko kwa mkewe, maana kwetu mwanamume ndiye anayehamia ukweni. Sisi vijana wa Koto Rumbai tukapita nyumba kwa nyumba kukusanya msaada: mchele, nguo, nazi, na mwisho tukapewa ng'ombe mzima. Nyama tukaipika rendang, yaani nyama ya viungo inayokaushiwa kwenye tui la nazi, uani mwa msikiti, makarai matatu. Rendang ikikauka sawasawa inakaa wiki na wiki bila kuharibika, ndiyo maana kila penye maafa watu wetu hupeleka hiyo.

Karai moja lilikuwa langu.

Bi Syamsinar, mpishi wetu mkubwa, aliniachia mwiko akaenda kuswali. Akanionya: "Usiepue mpaka tui liishe, mafuta yatoke, na nyama iyanywe tena. Ikiwa bado na rojo hiyo si rendang, hiyo kwetu huitwa kalio, Des. Kalio ni tamu, lakini ni ya kuliwa leo leo."

Nikaepua ikiwa na rojo. Mvua ilikuwa inazima kuni, lori linapiga honi, na kwenye simu nilikuwa na ujumbe wa kaka: "Rahmi amelala na njaa tena." Rahmi ni mwanawe, na shangazi mtu ni mimi. Nofri, mwenyekiti wetu wa vijana, ambaye kwa heshima namwita Uda, yaani kaka, akapaza sauti kutoka kwenye lori, "Des, tayari?" Nikajibu, "Tayari!"

Neno moja tu. Kisha lori likakwama kwenye maporomoko siku mbili, jua linawaka juu ya turubai.

Nilipowaacha nilikuwa stoo ya kambi ya msaada, chini ya mlima, nimeshika mfuko mmoja wa nyama uliosahaulika kwenye kona. Umevimba kama tumbo la chura. Nikautoboa kwa pini ya mtandio wangu, nao ukapumua.

Haya, tuendelee.

"Uda," niliita, "njoo unuse hiki."

Nofri akaja akipangusa jasho. Akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"La haula! Hii ya karai gani?"

Akanitazama mikono, akanitazama uso.

"Des. Nilikuuliza kama tayari."

"Uliniuliza."

"Ukasema tayari."

"Nilisema." Nikauweka mfuko chini. "Mifuko mingine iko wapi?"

"Mingine?" Alicheka kicheko cha mtu aliyefiwa. "Ilipanda jana asubuhi. Akina Welly waliipeleka kwa pikipiki hadi mtoni, ikavushwa kwa kamba. Yote!"

"Yangu tu, au..."

"Yote, Des! Mifuko ya makarai yote matatu tuliichanganya wakati wa kufunga. Nailoni ileile, utepe uleule. Nani atajua ipi ya Bi Syamsinar na ipi ya kwako?"

"Basi tuwapelekee habari wasile."

"Wasile ipi?"

"Yote."

"Wale nini badala yake? Tope?"

Akaenda kufunga mlango wa stoo. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Nofri namjua tangu tukichunga bata pamoja, hajawahi kufunga mlango akizungumza na mimi.

"Nisikilize vizuri," alisema kwa sauti ya chini. "Ukilitamka hili kambini, kesho hakuna atakayepokea hata punje ya mchele kutoka kwetu. Watasema Koto Rumbai wamelisha waathirika uozo. Wazee waliotoa ng'ombe wao utawatazama usoni wewe? Tumbo la kuhara halijaua mtu."

"Linaua mtoto, Uda. Kule wanakunywa maji ya tope."

"Mtoto gani?"

"Rahmi."

Nofri akashika kitasa cha mlango. Rahmi aliwahi kumkojolea siku ya harusi ya binamu yangu, na tangu siku hiyo humwita mchumba wake. Nikadhani sasa atalainika.

"Muombe Mungu apate ya Bi Syamsinar," alisema, akafungua mlango, akatoka.

Nikajaribu simu. Kaka hapatikani. Nikajaribu ya wifi, hapatikani. Kijana wa hema la jirani akaniambia nisijisumbue, mnara wa juu umezimika tangu alfajiri.

Sasa jamani, mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Naogopa mende. Naogopa ngazi. Mjomba wangu akikohoa tu chumba cha pili, nahesabu makosa yangu ya wiki nzima. Mtu kama mimi hapandi mlimani kwenye tope mvua ikinyesha. Lakini kila nilipofumba macho nilimwona Rahmi akilamba vidole, na miguu ikaenda yenyewe.

Nilipitia kwa wauguzi nikaomba pakiti za dawa ya kuzuia kuharisha. Muuguzi akauliza nani anaumwa. Nikasema, "Za akiba." Akanipa nyingi nikazijaza mifuko yote ya koti.

Welly, kijana wetu wa pikipiki, nilimkuta akisafisha plagi.

"Nipeleke mtoni," nilimwambia.

"Wewe, dada Des? Wewe uliyelia kwenye bembea ya watoto?"

"Welly, nipeleke."

"Leo vijana wa kiume wenyewe wamegoma. Juu kumefunga wingu."

"Naenda kumwona mtoto wa kaka."

Akanitazama, akaona sitanii. "Panda basi. Shikilia, ila usinikabe shingo, nataka kuoa mwaka huu."

Tulikuwa tunaondoka Nofri akatokea mbio, akashika usukani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa ndugu zangu."

Akanikaribia sikioni. "Ukisema kule juu, mimi sikujui. Umesema tayari mbele ya watu wote. Mimi sikushika mwiko."

"Mbona mnanong'ona?" Welly aliuliza. "Mnaachana au mnachumbiana?"

Nofri akaachia usukani.

Njia yenyewe siielezi, kulikuwa hakuna njia. Palipokuwa na mashamba ya mpunga pamekuwa tope na mawe, na mawe mengine makubwa kuliko nyumba. Nilifumba macho nikamshika Welly kiuno, yeye anazungumza tu kama yuko sokoni.

"Jana niliibeba ile nyama yenu, dada. Wallahi harufu ile nusura inipoteze. Nilitamani kuchomoa mfuko mmoja."

"Ulichomoa?"

"Ningechomoa ungenifanya nini?"

"Welly, ulichomoa au hukuchomoa?"

"Eh! Nyama ya maafa naiiba, mimi nina laana? Sikuchomoa!"

Nikashusha pumzi. Akageuza kichwa.

"Mbona unatetemeka hivyo? Baridi?"

"Tazama mbele."

Tulipofika mtoni kulikuwa na watu wachache, wote wamesimama wanatazama kule mto unakotokea. Sikupenda walivyosimama. Daraja halipo, zimebaki nguzo tu. Wamefunga kamba mbili kutoka mti wa huku hadi mwamba wa kule, moja ya kukanyaga, moja ya kushika. Chini maji ya kahawia yanabeba magogo.

Kwenye msikiti wa Lubuk Sirih, ng'ambo, kipaza sauti kilianza kulia.

"Walio mtoni tokeni! Juu kunanyesha! Tokeni mtoni!"

Mzee aliyekuwa akilinda kamba akanyoosha mkono kunizuia.

"Hakuna kuvuka, binti. Rudi."

"Nina dawa za watoto."

"Zitavuka kesho."

"Kesho watoto hawatakuwepo!" Nilipiga kelele, nami mwenyewe nikashtuka kusikia nilichosema.

Mzee akatazama pakiti zilizojaa kwenye koti, akatazama mto. Akatema mate pembeni. "Vua viatu. Usitazame chini. Ukisikia nikipiga filimbi, kumbatia kamba, usijaribu kusogea."

"Dada," alisema Welly, na safari hii hakuwa na mzaha. "Acha. Nitakwenda mimi."

Ningemwacha aende. Nawaambieni ukweli, moyo wangu ulisema, mwache, yeye ni kijana, ana nguvu. Lakini ningempa ujumbe gani? "Waambie Des aliepua mapema"? Sikuweza hata kumtazama, sembuse kumtuma aibu yangu.

Nikakanyaga kamba.

Sina hadithi ya ushujaa hapa. Nililia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilimwita mama, nikamwita Mungu, nikamwita mama tena. Katikati ya mto kamba ya chini ilizama, maji yakanipiga magotini, baridi ikaniingia mpaka kwenye meno. Nikasikia filimbi. Nikakumbatia kamba ya juu kwa mikono na kidevu. Kitu kizito kikapita chini yangu kikikwaruza, sijui gogo, sijui nini, na sikutaka kujua.

"Des! Desmiyarti! Nitazame mimi!"

Ilikuwa sauti ya kaka. Nikafumbua macho. Syafril yuko kwenye mwamba, tope mwili mzima, ndevu zimeota, amenyoosha mkono.

"Siwezi, kaka!"

"Unaweza! Ukianguka mama ataniua mimi. Unataka mama aniue?"

Nikasogea. Sijui vipi. Alinishika kwenye kifundo cha mkono akanivuta, tukaanguka wote juu ya mwamba.

Hatukuinuka. Mto ulinguruma, maji yakaja kama ukuta, yamebeba mti mzima na mizizi yake. Kamba zikavutika, zikalia, zikakatika. Ng'ambo ile nilimwona Welly akikimbia kupanda juu, ameacha pikipiki.

Kaka akatazama vipande vya kamba vikicheza majini. Kisha akanipiga begani, akacheka mpaka akakohoa.

"Sasa umekuwa mtu wa huku! Tutakutafutia mchumba. Mwoga wewe, umekuja na miguu yako? Nani kakulisha moyo wa simba?"

Nikajaribu kucheka.

"Kaka, ile nyama..."

"Ah! Nyama yenu!" Macho yalimng'aa. "Mungu awalipe. Watu walilia walipoiona."

"Mmeshakula?"

"Nani ale? Mjomba Khaidir kaizuia."

Mjomba Khaidir ni mjomba wa mke wake, mkubwa wa nyumba ile, na neno lake huko halina wa kulipinga.

"Kaizuia vipi?"

"Kasema hakuna kinywa kitakachotangulia kingine. Tangu juzi tunazika waliofukuliwa topeni, nyumba nyingine ilikuwa haijamaliza. Leo baada ya adhuhuri tunakula pamoja, nyumba zote, sinia kwa sinia. Unafika wakati wake."

Wasomaji wangu, niliketi chini kwenye tope. Kaka alidhani nimeishiwa nguvu. Mimi nilikuwa nasema alhamdulillahi kimoyomoyo, tena na tena, mpaka maneno yakapoteana.

Hawajala! Na pale pale akili ikanirudia, akili iliyokataa kuja nilipokuwa stoo. Nyama kavu ni ngumu ukiishika, hata ndani ya nailoni unasikia vipande vinagongana. Yangu ina rojo, lazima iwe laini. Nitaomba kusaidia jikoni. Nitaminya mfuko mmoja mmoja, laini zote nitazitia kwenye ndoo, nitazifukia kwenye tope lilelile. Nani atauliza? Nani atajua? Nofri atafurahi, wazee wetu watafurahi, na mimi nitakaa kimya mpaka kaburini.

"Twende haraka," nilimwambia kaka.

"Tazama huyu, sasa hivi alikuwa analia, sasa ananikimbiza."

Tulipanda kilima. Nilimpita kaka njiani.

Nilichelewa. Nyumba ya akina Yuslinar, mke wa kaka, iko juu, ndiyo iliyobaki na sakafu. Masinia yalikuwa yameshatandikwa, wali katikati, nyama juu yake, watu wameketi wakizunguka. Wifi Yuslinar akaniona mlangoni akapiga kigelegele.

"Shangazi mtu huyo! Kavuka mto!"

Wakanivuta, wakanipangusa, wakaniketisha sinia la mbele, karibu na Mjomba Khaidir mwenyewe. Nilitaka kusema naomba nipite jikoni kwanza. Nani alinisikiliza? Mzee alikwishaanza kuzungumza.

"Kidogo hiki mnachokiona si chetu," alisema kwa utulivu. "Ni mali ya Koto Rumbai, leo mwenye mali amekuja mwenyewe. Desturi haikubali sisi tutangulie. Bismillahi, mwanangu, fungua wewe."

Macho yote kwangu.

Nikaitazama nyama. Nyeusi. Kavu. Nikainua shingo nikatazama sinia la pili. Nyeusi. La tatu, la mwisho kule kwa akina mama. Nyeusi, kavu, haina hata tone la rojo. Sikuamini macho yangu.

Nikachukua tonge, nikaweka kipande mdomoni. Ilikuwa rendang hasa, mkono wa Bi Syamsinar, chumvi yake, pilipili yake, moshi wake. Machozi yakanitoka nikiwa natafuna.

"Mnaona?" alisema Mjomba Khaidir. "Mnaona moyo wa vijana hawa? Wanakula nasi wakilia nasi."

Watu wakatikisa vichwa. Mimi nikainamisha changu.

"Mifuko yote ndiyo hii?" nilimuuliza kaka polepole.

"Yote hii. Kwani iliongezeka?"

Basi yangu haikufika. Labda ilidondoka mtoni. Labda Nofri aliitupa kimyakimya akaona aibu kuniambia. Mungu kanisitiri, nikajiambia, na aliyesitiriwa na Mungu ajivue nguo mwenyewe kwa nini? Wazee husema mficha uchi hazai. Siku ile nilikuwa radhi nisizae. Nikanyamaza, nikala. Tena nilikula vizuri. Kaka alinitania kwamba nimekuja kuwasaidia au kuwamalizia, watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Yuslinar akaja kuketi ubavuni mwangu, akaniegemea bega.

"Wifi," alininong'oneza, "hii asante ya watu wote. Mimi nina ya kwangu ya siri."

"Ya nini?"

"Ya watoto."

"Watoto?"

"Usijifanye hujui! Tulipopokea mifuko nilikuwa naipanga. Naminya hii ngumu, naminya hii ngumu, naminya nyingine laini. Nikafungua nikaona kalio. Nikamwambia Mjomba, hii si bahati mbaya, hii ni akili ya Des. Kajua huku kuna watoto wadogo na vikongwe wasio na meno, kawapikia ya rojo wasipate taabu ya kutafuna. Nani mwingine angewafikiria?"

Tonge lilikuwa mkononi mwangu. Sikujua niliweke wapi.

"Mjomba akasema desturi ni ya watu wazima, watoto na wazee wasingoje. Nikazitenga zote laini."

"Uliwapa?"

"Jana, baada ya magharibi, kaka yako hajarudi makaburini."

"Mliipasha moto?"

"Kwa kuni zipi, wifi? Zote zimeloa. Waliila baridi hivyohivyo."

"Haikuwa..." Nikalirudisha tonge kwenye sinia. "Ladha yake ilikuwaje?"

Akacheka, akanifinya paja. "Uchachu kidogo. Nikasema watu wa Koto Rumbai bwana, kandis hawaipimi, wanaitia kama maji. Lakini njaa haina adabu. Mama yangu alimaliza yake. Rahmi? Rahmi alilamba mpaka nailoni."

Kandis ni tunda letu la kutia uchachu kwenye mchuzi. Sikuitia hata kipande kwenye karai langu.

"Yuko wapi Rahmi?"

"Kalala. Wote wamelala ndani na mama. Tangu siku ya tope hawakuwahi kulala vizuri, leo shibe imewamaliza. Nimewaacha tu."

"Tangu saa ngapi?"

"Wifi, mbona umepauka?"

Niliinuka. Nilikanyaga ukingo wa sinia, wali ukamwagika, kaka akasema, "Taratibu wewe, nyama haikimbii!" Watu wakacheka tena. Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye pazia.

Chumba kilikuwa na giza kidogo na harufu ya nguo mbichi. Walikuwa wamelala mkekani kwa safu, watoto watatu na bibi yao. Hakukuwa na matapishi. Hakukuwa na kuhara. Moyo ukaruka kwa furaha. Nilishika zile pakiti kwenye koti nikasema moyoni, wazima, wazima, ni usingizi tu.

"Rahmi," niliita. "Shangazi kaja."

Akasikia. Kichwa kikasogea, lakini macho hayakufunguka. Kope zilitetemeka, zikapanda kidogo, zikashuka. Nikazishika kwa vidole vyangu nikamfungua jicho. Hakuwa na homa, ngozi yake ilikuwa baridi tu.

"Shangazi," alisema. Ulimi ulikuwa mzito, maneno yanatoka kama mtu aliyejaza wali mdomoni. "Mbona mmekuja wawili?"

"Wawili nani, mama?"

"Wewe... na wewe."

Yuslinar nyuma yangu akacheka. "Ana usingizi huyo, anaota. Mpe maji aamke."

Nikamwinua kichwa, nikamwekea kikombe mdomoni. Maji yakaingia. Hakumeza. Yakatoka puani.

Yuslinar akaacha kucheka.

"Rahmi? Meza. Meza, mwanangu." Akanipokonya mtoto. Shingo ya Rahmi ikalegea mkononi mwake. "Mama!" akamwita bibi. "Mama, amka umtazame huyu!"

Bibi hakuamka. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka, lakini kidogo mno, na polepole mno.

Dawa za kuzuia kuharisha zilikuwa zimejaa mfukoni mwangu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akihara. Ugonjwa huu sikuujua. Nilichokijua ni kwamba kaanza Rahmi, na hao wengine walikula nyama ileile.

"Des!" Ilikuwa sauti ya kaka kutoka sebuleni, imeshiba, ina furaha. "Toka huko! Mjomba anataka kukuombea dua mbele ya watu!"

Nikatoka. Nilishika nguzo ya mlango. Wote walikuwa wamenyanyua viganja vyao tayari, vidole bado vina mafuta, Mjomba Khaidir katikati.

"Kaka," nilisema, "watoto inabidi wafike kwa daktari. Sasa hivi. Na bibi pia. Inabidi wavuke."

"Wavuke wapi? Si umeona kamba zimekwenda?"

"Inabidi wavuke, kaka."

Viganja vikaanza kushuka, kimoja kimoja. Chumbani Yuslinar alikuwa ameanza kupiga kelele za jina moja tu. Kaka yangu akainuka polepole, mkono wake wa kulia umening'inia na punje za wali, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikamwogopa.

"Des," aliniuliza. "Wamekula nini?"